DDR, Stasi na maisha ya Ujerumani Mashariki: maswali mnayoniuliza kila mara

Naishi Berlin, upande ule uliokuwa Mashariki, na kila nikiweka picha ya mtaa wangu maswali ni yaleyale, wengine wazee waliosoma huko enzi hizo, wengine vijana waliozaliwa ukuta ushaanguka zamani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, so nimeyaweka hapa yote. Ni marefu, jitayarishe na chai.

Hivi DDR ndo nini hasa? Ni hiyohiyo Ujerumani Mashariki?

Ndiyo hiyohiyo. Baada ya Hitler kupigwa 1945 Ujerumani iligawanywa, na kipande cha Warusi kikaja kuwa nchi tarehe 7 Oktoba 1949. Wenyewe waliiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, kwa herufi za Kijerumani DDR. Ilikufa 3 Oktoba 1990. Miaka 41 kasoro siku chache, yaani kuna watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kupata wajukuu humohumo.

Chama kilichoshika hatamu kiliitwa SED. Vilikuwepo na vyama vingine vinne kwa jina, lakini vilikuwa kama mapambo ya sebuleni, havimpingi mtu. Wakubwa wa kukumbuka ni Walter Ulbricht mpaka 1971, halafu Erich Honecker mpaka Oktoba 1989, na yule wa usalama, Erich Mielke, aliyekaa kiti kimoja tangu 1957 hadi mwisho.

Watu walikuwa wanalala njaa?

Hapana, na hili watu wengi wanakosea. Kwa nchi za kijamaa DDR ilikuwa kwenye afadhali kabisa. Mkate mdogo ule wa asubuhi ulikuwa senti 5 miaka nenda rudi, tramu ya Berlin senti 20, kodi ya nyumba kitu kidogo sana kwenye mshahara. Kila mtu ana kazi, hata kama kazini kwenyewe mashine imesimama kwa kukosa kifaa na watu wanapiga soga. Watoto wana chekechea, akina mama karibu wote walikuwa kazini, mambo ambayo upande wa Magharibi wakati ule walikuwa bado wanabishana.

Shida ilikuwa ni vile vitu vya juu ya ugali. Ndizi na machungwa ya maana mpaka Krismasi, na ukiona foleni unapanga kwanza ndo unauliza wanauza nini, wale wa Tanzania walioishi mwanzoni mwa miaka ya 80 watanielewa bila maelezo. Bibi mmoja jirani yangu mpaka leo ana mfuko mwepesi wa kukunja kwenye mkoba wake kila anapotoka, ameshastaafu, supamaketi ziko tatu mtaani, na mfuko upo tu. Zamani hutoki nyumbani bila mfuko maana hujui leo kitaletwa nini.

Kulikuwa na utani wao: jangwa la Sahara likiwa la kijamaa kutatokea nini? Miaka kumi ya kwanza hakuna, halafu mchanga unaanza kuadimika. Utani kama huu unausema jikoni, na unaangalia kwanza nani yupo jikoni.

Nimesikia kuna ishu ya kahawa, ni kweli?

Kweli kabisa na ndo stori ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, bei ya dunia ikapanda vibaya, na DDR haikuwa na hela za kigeni za kununulia. Basi 1977 serikali ikaleta mchanganyiko, nusu kahawa, nusu nafaka za kukaanga na mbaazi na vitu vya namna hiyo. Ladha ilikuwa balaa, na mashine za kahawa kwenye migahawa zikawa zinaziba kwa sababu ule unga wa mbaazi ukipigwa na mvuke unageuka uji.

Hawa watu waliovumilia ukuta, wakavumilia chama, kwenye kahawa wakasema hapana. Sheria iliwaruhusu kuandika barua ya malalamiko kwa serikali, na serikali ilitakiwa kujibu, basi barua zikamiminika na mchanganyiko ukaondolewa. Baadaye wakaenda kuwasaidia Wavietnam kupanda mibuni ili wapate kahawa ya kudumu, ila mibuni ilipokuja kuzaa sawasawa DDR yenyewe ilikuwa ishaondoka. Vietnam leo ni ya pili duniani kwa kahawa baada ya Brazil. Wakulima wa Bukoba na Moshi mjue mshindani wenu sehemu ya mtaji wake ilitoka wapi.

Na lile gari la plastiki?

Trabant, kutoka Zwickau. Bodi yake ni takataka za pamba zilizokandamizwa na gundi ngumu, injini inakula petroli iliyochanganywa na oili kama pikipiki za zamani, moshi wake ulikuwa unasikia harufu kabla hujaliona. Unaandikisha jina na unasubiri miaka kumi, wengine zaidi. Ndo maana gari kuukuu lilikuwa bei juu kuliko jipya, maana kuukuu unalipata leo. Walitengeneza zaidi ya milioni 3.

Uchaguzi walikuwa wanapiga?

Walikuwa wanapiga, na walikuwa na jina lake, wanasema "naenda kukunja". Unapewa karatasi yenye orodha moja ya majina, huandiki chochote, unaikunja unatumbukiza. Kibanda cha siri kilikuwepo pembeni, lakini ukitembea kuelekea kule kila mtu anakuangalia na kuna anayekuandika. Usipokwenda kabisa, jioni wanakuja kukugongea na kisanduku mkononi.

Mei 1989 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa watu wa makanisa na wanaharakati wakaamua kwenda vituoni kuhesabu wenyewe, wanakaa nyuma na daftari. Serikali ikatangaza 98.85% ndiyo. Hesabu zao zikawa tofauti, na kwa mara ya kwanza wizi ukawa na ushahidi wa namba, kituo kwa kituo. Moto wa mwaka ule ulianza kufukuta hapo kwa kiasi kikubwa.

Stasi ndo nini? Ni kama mashushushu wetu tu au?

Mashushushu kila nchi inao, ila hawa idadi yao ndo inashtua. Stasi, yaani Wizara ya Usalama wa Taifa, ilianzishwa Februari 1950. Kufika 1989 ilikuwa na waajiriwa kama 91,000 kwenye nchi ya watu milioni 16 hivi. Hao ni wa mshahara. Juu yao kulikuwa na watoa habari wa siri, kati ya 170,000 na 190,000, watu wa kawaida, fundi, nesi, mwalimu, mchungaji, mshairi. Wenyewe walijiita ngao na upanga wa chama. Wa chama, sio wa nchi, angalia hapo.

Na kwenye kila jengo kulikuwa na daftari la nyumba, kuna mkazi kakabidhiwa alitunze, mgeni akikaa siku kadhaa lazima aandikwe humo. Watanzania mnakumbuka balozi wa nyumba kumi, basi fikiria balozi wa namna ile lakini nyuma yake kuna wizara nzima inayosoma daftari lake.

Kwa nini mtu akubali kumchongea jirani yake?

Sababu ni nyingi na nyingine zinasikitisha zaidi ya kukasirisha. Wapo walioamini kweli wanailinda nchi dhidi ya mafashisti, hasa kizazi kilichotoka vitani. Wapo waliokamatwa na kosa dogo wakaambiwa chagua, jela au saini. Wapo waliotaka mtoto aingie chuo, au wapate safari. Wapo wambea tu waliozaliwa hivo na sasa umbea umepata ofisi.

Na wapo waliokataa! Hili halisemwi sana. Mbinu iliyofanya kazi ilikuwa kuropoka, yaani unamwambia mkeo na wenzako kazini "jana nimefuatwa na Stasi wananitaka", basi ushakuwa hufai, shushushu gani anayejulikana na mtaa mzima.

Kisa kinachoniuma mimi ni cha Vera Lengsfeld, mwanaharakati wa amani na mazingira aliyefungwa na kufukuzwa nchini 1988, baadaye akawa mbunge. Mafaili ya Stasi yalipofunguliwa akakuta kuna mtoa habari kwenye faili lake anajua mambo ya chumbani. Alikuwa mumewe. Baba wa watoto wake.

Kwa hiyo walikuwa wanaua watu hovyo?

Miaka ya 50 ilikuwa ya kikatili waziwazi. Tarehe 16 Juni 1953 wajenzi wa Berlin waligoma kwa sababu serikali iliongeza kiwango cha kazi 10% bila kuongeza hela, kesho yake tarehe 17 ikasambaa miji mia kadhaa, na vifaru vya Kisovieti vikaja kuizima. Walikufa si chini ya 55. Na adhabu ya kifo waliifuta 1987 tu, wa mwisho kunyongwa, kwa maana ya kuuliwa na serikali maana yeye alipigwa risasi ya kisogoni, ilikuwa 1981 huko Leipzig, na alikuwa ofisa wa Stasi wenyewe aliyekuwa na mawazo ya kutoroka.

Lakini kuanzia miaka ya 70 Honecker alitaka heshima kimataifa, mafaili ya wafungwa wa siasa yanachafua jina, basi wakaja na kitu kingine. Kwa Kijerumani wanaita Zersetzung, mimi naitafsiri kumuozesha mtu. Kuna mwongozo rasmi kabisa wa Januari 1976, namba 1/76, unaoeleza namna ya kuifanya. Hawakukamati. Wanasambaza uvumi kwamba wewe ndo mtoa habari, rafiki wanakukimbia. Bosi anaambiwa asikupandishe cheo. Barua inafika kwa mkeo kuhusu mwanamke usiyemjua. Unatoka kazini unakuta picha ukutani zimebadilishana nafasi, au taulo zimekunjwa vingine, hakuna kilichoibiwa. Utakwenda kushtaki nini polisi? Kwamba mtu kakukunjia taulo? Kwetu tungesema karogwa, na kwa kweli sioni tofauti kubwa, mtu anaharibikiwa ndoa, kazi na akili na haoni mkono unaofanya hivo.

Mnaposema walikusanya harufu za watu ni utani?

Sio utani, mitungi ipo makumbusho nenda kaione. Wanakuita kuhojiwa, unakaa kwenye kiti chenye kitambaa, ukiondoka kitambaa kinawekwa kwenye chupa ya kioo kinafungwa. Siku wakiokota karatasi ya uchochezi mbwa ananusa chupa. Barua walikuwa wanazifungua kwa mvuke, wanasoma, wanagundisha tena, na zile zenye hela kutoka kwa ndugu wa Magharibi, hela wanachukua.

Jela zao zilikuwaje?

Iliyo maarufu ni Hohenschönhausen hapa Berlin, haikuwepo hata kwenye ramani ya mji. Unabebwa na gari lililoandikwa samaki au mkate, linazungushwa mjini mpaka unapoteza dira, kumbe umepelekwa mtaa wa pili. Kwenye korido kuna taa za rangi kama za barabarani ili mahabusu wawili wasikutane kamwe. Usiku unalala chali, mikono juu ya blanketi, ukigeuka mlango unapigwa. Leo ni makumbusho na baadhi ya wanaotembeza wageni walifungwa mlemle. Nimekwenda mara mbili, ya tatu sitaki.

TV ya Magharibi walikuwa wanaangalia?

Karibu wote. Miaka ya 60 mwanzoni vijana wa chama walipanda mapaa kugeuza antena, baadaye serikali ikachoka. Ila Dresden na pembe ile ya kusini mashariki mawimbi hayafiki, wenzao wakawaita bonde la wasiojua kitu. Sasa ujanja uko shuleni, wengi wanasimulia mwalimu anamuuliza mtoto wa darasa la kwanza saa ya taarifa ya habari kwenu ina vistari au vidoti? Mtoto anajibu kwa furaha, na jibu linaonyesha nyumbani wanaangalia stesheni gani. Ndo maana watoto wa kule walijifunza mapema kuwa na lugha mbili, ya nyumbani na ya shuleni, zote Kijerumani.

Ukuta uliwekwa kuzuia nani?

Serikali ilisema ni wa kuzuia mafashisti wasiingie. Bunduki zilikuwa zimeelekezwa ndani. Kati ya 1949 na 1961 walishaondoka zaidi ya milioni 2.5, tena madaktari, mainjinia, vijana. Ulbricht Juni 1961 akasema mbele ya waandishi kwamba hakuna mwenye nia ya kujenga ukuta, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu ukuta. Jumapili ya 13 Agosti watu wakaamka wakakuta seng'enge.

Kwenye ukuta wa Berlin peke yake waliokufa ni si chini ya 140. Peter Fechter, miaka 18, Agosti 1962 alipigwa risasi akavuja damu karibu saa nzima huku pande zote mbili zinamsikia analia. Wa mwisho kupigwa risasi ni Chris Gueffroy, miaka 20, Februari 1989. Miezi tisa angevuka kwa miguu na bia mkononi.

Hakukuwa na njia halali ya kutoka?

Wastaafu waliruhusiwa kutembelea ndugu tangu 1964, kwa sababu wakibaki huko serikali inaokoa pensheni, hesabu ya kikatili lakini ndo hesabu. Wengine unaomba kibali cha kuhama na unasubiri miaka, huku kazi ushapoteza na mtoto shuleni ananyooshewa vidole. Na kuna biashara ambayo sikuiamini mwanzo: DDR ilikuwa inawauza wafungwa wake wa siasa kwa Ujerumani Magharibi. Kati ya 1963 na 1989 zaidi ya 33,000, na bei ya miaka ya mwisho ilikuwa zaidi ya mark 95,000 kwa kichwa. Serikali ya wafanyakazi na wakulima hiyo.

Na Zanzibar inaingiaje?

Inaingia sana. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume iliitambua DDR haraka, wakati nchi karibu zote nje ya kambi ya kijamaa zilikuwa zinaikwepa kwa kuogopa kuwaudhi Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi. DDR wakalipa kwa majengo, flati za Kikwajuni na Kilimani, na mpango wa mji wa Ng'ambo wa 1968 uliozaa yale majumba marefu ya Michenzani ni kazi ya wataalamu wao. Ukija mtaani kwangu Lichtenberg utadhani umefika Michenzani bila ya urojo. Muungano ulipokuja ikawa kesi, DDR ikaachiwa ubalozi mdogo Dar, Bonn ikakasirika ikaondoa msaada wa kijeshi, na Nyerere 1965 akawaambia basi chukueni na mingine.

Walileta na washauri wa usalama vilevile. Wazee wa Unguja wanaosema enzi zile hata chumbani unanong'ona hawatii chumvi, ila hilo lina maswali yake peke yake, sio ya leo.

Waafrika waliokuwa wanaishi kule walitendewa vipi?

Inategemea umekwenda kama nani. Wanafunzi, wakiwemo Watanzania, walianzia Leipzig kujifunza lugha, wengi wanakumbuka vizuri, posho, vitabu, maprofesa wa maana, hata Kiswahili kilifundishwa chuoni hapo. Wafanyakazi wa mkataba ni hadithi nyingine. Wamsumbiji walikuja kwa mkataba wa 1979, wakawekwa mabwenini mbali na wenyeji, mwanamke akipata mimba achague kutoa au kurudishwa kwao, na sehemu kubwa ya mshahara ilikatwa ikiambiwa mtaikuta nyumbani. Hawakuikuta. Hela iliishia kwenye hesabu za madeni kati ya serikali mbili. Mpaka miaka ya karibuni wale wazee, Madgermanes wanaitwa, wamekuwa wakiandamana Maputo na bendera ya nchi isiyokuwepo tena. Ubaguzi mtaani ulikuwepo, ila kwa sheria ya chama ubaguzi haupo, so ukipigwa ulikuwa umepigwa na nani?

Ilianguka vipi sasa, kwa siku moja?

Kwa mwaka mmoja unaoonekana kama siku moja. Hungary ilifungua mpaka Septemba 1989, maelfu wakapitia huko. Leipzig watu walikuwa wanatoka kanisani kila Jumatatu wanaandamana, na tarehe 9 Oktoba wakawa kama 70,000, hospitali zimeambiwa ziandae damu, askari wamejipanga, na risasi haikupigwa. Hiyo ndo siku yenyewe kwangu, ya ukuta ni sherehe tu. Ukuta ulifunguka Novemba 9 kwa sababu msemaji Günter Schabowski aliulizwa sheria mpya ya safari inaanza lini, akapekua karatasi zake akasema kwa anavyojua mara moja, bila kuchelewa. Watu wakaenda Bornholmer Straße, ofisa wa zamu hana amri yoyote, umati unazidi, akafungua geti.

Siku nne baadaye Mielke, yule mkuu wa Stasi, akasimama bungeni akasema nawapenda wote, wanadamu wote. Bunge likacheka. Miaka arobaini hakuna aliyethubutu kumcheka.

Wakubwa walifungwa?

Kidogo mno. Honecker alikuwa mgonjwa, akaachiwa akaenda Chile akafa 1994. Mielke alihukumiwa miaka sita, lakini sikiliza, kwa kuua polisi wawili mwaka 1931! Kabla hata DDR haijazaliwa. Baadhi ya askari wa mpakani walihukumiwa, wengi kifungo cha nje.

Mbona wengine wanaikumbuka kwa mapenzi?

Kwa sababu 1990 ilipokuja, viwanda vilifungwa kwa maelfu na mtu wa miaka 50 aliyekuwa fundi mkuu akawa hana kazi na hana jina. Yule bibi wa mfuko aliniambia kwamba zamani alikuwa anaogopa kusema, baadaye akawa anaogopa kodi ya nyumba, na kwamba nisimuulize ipi bora maana kila anayeuliza anataka jibu lake. Nikanyamaza.

Mafaili yako wapi, na mtu anaweza kuona lake?

Anaweza, tangu Januari 1992. Kuna kilomita 111 za karatasi ukizipanga kwenye rafu. Mwisho wa 1989 Stasi walianza kuziharibu, mashine za kuchana zikafa kwa kazi nyingi wakachana kwa mikono, wananchi wakavamia ofisi Erfurt Desemba 4, halafu makao makuu Berlin Januari 15. Vikabaki magunia kama 16,000 ya vipande.

Unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, unasubiri, inaweza kuwa miaka. Unapewa nakala, majina ya watu wengine yamefutwa kwa wino mweusi, na kama kuna jina la bandia la aliyekuripoti unaweza kuomba jina lake la kweli. Mengi ni ya kuchosha, saa ngapi taa ilizimwa, nani alibeba takataka, mgeni alikuwa na koti la rangi gani. Na ukiambiwa halipo, omba tena baada ya miaka miwili mitatu, maana vipande vya kwenye magunia vimekuwa vikiunganishwa kwa mkono, na majina yanazidi kutokea.